Kiongozi Asiyejua Njia ya Kisimani

Niliposomea uzamili wa afya ya jamii, mkuu wa programu yetu tulimjua zaidi kwa picha za warsha kuliko kwa sura. Wakati wa mazoezi ya vijijini alituachia mhadhiri msaidizi, yeye akapanda ndege. Tuliporudi na madaftari yaliyojaa habari za visima na vyoo, hakutuuliza tumeona nini. Alitaka stakabadhi tu.

Wapo watakaomtetea: bila fedha za wafadhili chuo hakiendi, na bila makala hakuna uprofesa. Ni kweli, lakini hayo hayatoshi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 600 katika eneo la Soho, London, Dakta John Snow alikwenda kwa wafiwa kuuliza marehemu walikunywa maji ya wapi. Majibu yakamfikisha kwenye pampu ya Broad Street, na mpini wake ukaondolewa. Azimio la Alma-Ata la 1978 nalo lilitamka kwamba wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga huduma za afya yao. Atawashirikishaje asiyewajua?

Nasema wazi: mwanafunzi huiga anachokiona. Vyuo vikichagua wakuu kwa kuhesabu makala na fedha tu, vitazaa wahitimu wa kukimbilia posho. Anayetaka kuongoza programu hii aulizwe kwanza: mara ya mwisho uliketi lini na wanakijiji ukawasikiliza? Akikosa jibu, apewe kazi nyingine.