Kabla ya zawadi, lipa mshahara wa dada

Na Theresia Kimaro

Majilio yameanza, na matangazo ya mwisho wa ibada yamejaa mipango ya upendo: jumuiya hii itatembelea kituo cha yatima, kwaya ile itapeleka sabuni na sukari wodini, vijana wanakusanya nguo. Yote ni mema na yaendelee. Ninachosema ni kwamba tunaanzia mbali. Upendo wa Mungu tunaotaka kuwagawia wengine majira haya uwafikie kwanza wale wanaotudai: dada wa kazi, mlinzi wa usiku, saidia fundi aliyemaliza kupiga lipu mwezi wa kumi na hadi leo anaambiwa asubiri kidogo.

Mhubiri mkuu wa Majilio ni Yohane Mbatizaji. Katika Luka sura ya 3 watu wanamwuliza wafanye nini. Mwenye nguo mbili anaambiwa ampe asiye nayo, na mahubiri yetu mengi huishia hapo. Luka anaendelea. Watoza ushuru wanaambiwa wasitoze zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wanaambiwa waache kuwaonea watu na waridhike na mishahara yao. Yaani kila mmoja alirudishwa kazini kwake, kwenye fedha zinazopita mikononi mwake kila siku, na huko ndiko alikotakiwa kumwandalia Bwana njia.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi na tunaupita bila kuuona. Dominika ya tatu ya Majilio, Mwaka A, Wakatoliki husoma Waraka wa Yakobo kuanzia sura ya 5 aya ya 7, pale tunapohimizwa kuvumilia kama mkulima anayengojea mvua. Ukifika nyumbani fungua Biblia, urudi nyuma aya tatu tu. Utakuta ujira wa vibarua waliovuna mashamba, umezuiliwa na matajiri, unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Mungu. Yakobo anawatia moyo wanaosubiri akiwa ametoka tu kuwakemea wanaowasubirisha. Tukilisoma somo la subira huku tumeshika ujira wa mtu, tujue tumekaa upande gani wa waraka huo.

Hata shada la mishumaa tunalowasha kanisani lina historia ya namna hiyo. Mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulelea watoto maskini mjini Hamburg. Mwaka 1839 aliwatengenezea shada lenye mishumaa mikubwa minne ya Jumapili na midogo 20 ya siku za kazi. Baadaye makanisa yakabaki na ile minne. Nasikitika kwamba ni siku za kazi ndizo zilizoondolewa.

Wapo watakaosema nimeushusha upendo hadi kuwa hesabu za malipo, ilhali upendo huzidi haki. Ni kweli huizidi, lakini hauwezi kuiruka. Tajiri anayemdai dada uvumilivu wa miezi mitatu, kisha siku ya Krismasi akampa doti ya kanga na sahani ya pilau, amemrudishia sehemu ndogo ya mali yake mwenyewe, na juu yake amepokea shukrani. Dada atapiga magoti kushukuru, huku mama yake kijijini anangoja fedha ya mbolea.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la hali ngumu. Waajiri wengi wa dada wa kazi ni walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo, nao wana madeni yao, na ada za Januari zinawakodolea macho. Silipuuzi hilo. Lakini asiye na fedha zote anaweza kukaa kitako na mfanyakazi wake, wakaandika kiasi anachodai, akampa nusu sasa na kumtajia tarehe ya nusu iliyobaki. Anaweza pia kumpa likizo yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 28 kwa mwaka, na binti wa kazi naye ni mfanyakazi. Mazungumzo hayo yafanyike wiki hii, kabla nauli za mikoani hazijapanda na kabla fedha ya nyumba haijaishia kwenye mapambo, ili anayetaka kusali Krismasi kwao aweze kukata tiketi.