Futi Kamba Haipimi Uvivu

Leo naomba tuongee kuhusu viuno vyetu.

Nina kibanda cha ushonaji hapa Musoma, na wateja wengine wanatoka Bunda na Butiama. Juzi nilimpima mama mmoja gauni la kitenge la harusi. Namba ilipotoka akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, mume wangu ananiambia nakaa tu, ndiyo maana nanenepa." Mama huyu anaamka saa kumi alfajiri, analima, anachota maji, jioni anauza dagaa. Nilibaki na futi kamba mkononi.

Nami nimeonja hayo. Niliwahi kununua chai ya "kuyeyusha mafuta" kwa hela ya doti nzima ya kitenge. Nilichopata ni kuharisha.

Wataalamu wana njia ya kupima nguvu anayotumia mtu akiwa kwenye shughuli zake za kila siku. Unakunywa maji maalumu yenye hidrojeni na oksijeni nzito kuliko za kawaida, yasiyo na mionzi. Kisha kwa siku kumi hivi unatoa sampuli za mkojo. Hidrojeni nzito hutoka mwilini pamoja na maji tu. Oksijeni nzito hutoka na maji, na pia na hewa ukaa tunayoitoa tukipumua. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha mwili umechoma nguvu kiasi gani. Siku hizi kuna mashine za leza za kusoma sampuli hizo: mwanga hupita kwenye mvuke, na maji mazito huufyonza tofauti na maji ya kawaida.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima hivyo Wahadzabe 30 wa karibu na Ziwa Eyasi, kusini ya Serengeti yetu. Ni watu wa kuwinda, kuchimba mizizi na kutembea kutwa. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu waliyotumia kwa siku ililingana na ya watu wa Marekani na Ulaya, ambao hukaa zaidi!

Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti. Ukitumia nyingi kwenye kutembea, unabana kwingine, kama sisi tunavyobana sukari mwezi wa ada za shule.

Maoni yangu ni haya: tuache kuutazama mwili wa mwanamke na kutoa hukumu ya uvivu. Unaweza kuhenya tangu alfajiri na bado ukanenepa. Tusiseme basi tukae tu. Kutembea kunasaidia moyo, sukari na usingizi. Ila kwa habari ya kiuno, tuanze na sahani: soda, chapati mbili za usiku, mafuta tunayomimina bila kupima. Na hela ya chai za miujiza ibaki kwenye pochi.

Yule mama nilimwambia hayo huku naandika vipimo vyake. Akacheka, akaniomba niongeze marinda. Gauni limemkaa vizuri sana.

Namba ya futi kamba ni ya kukatia kitambaa, si ya kumkatisha mtu tamaa. Wewe dada, uliambiwa nini kuhusu mwili wako ambacho bado kinakuuma?