Arts si jalala la waliofeli hesabu

Nenda shule yoyote ya sekondari Mbeya au Iringa wakati wa kuchagua mchepuo, utasikia hukumu ile ile: wenye vichwa sayansi, vilaza arts. Mzazi ambaye mwanawe kapangiwa PCB hutangaza mpaka kanisani. Wa HKL, akiulizwa, hujibu kwa sauti ya chini: "Yuko arts, hivyo hivyo tu."

Wanaoshikilia uzushi huo waende Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Makumbusho ya pale yamehifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejipiga risasi mwaka 1898 asitiwe mbaroni na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Zama hizo wasomi wa Ulaya walipima mafuvu ya Waafrika kwa milimita ili kuonyesha nani binadamu bora. Rula haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye swali, na hakuna rula ya kupimia swali.

Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles uliiamuru Ujerumani ilirudishe fuvu hilo. Lilirudi 1954. Kabla ya hapo Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, akakuta mafuvu chungu nzima. Upana na urefu ukalinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, yakabaki machache. Likachukuliwa lenye tundu la risasi. Lakini tundu lingemwambia nini asiyejua Mkwawa alikufaje? Mpaka leo wapo wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe. Shaka hiyo nayo haitamalizwa na maabara peke yake, wala na nyaraka peke yake.

Mtaniambia ajira ziko sayansi. Sawa. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, wanaweza kutoa mbegu bora ya viazi. Mkulima wa Umalila asipoelezwa akaelewa na kuamini, mbegu itaishia kituoni. Kumweleza mtu akaelewa ni kazi ya lugha, na lugha husomewa.

Wakuu wa shule, acheni kuifanya arts adhabu ya kufeli hesabu. Mnaishushia hadhi arts na kuijaza sayansi watoto wasiojua kuuliza. Nawe mzazi, mwanao akichagua historia, muulize kama ataisoma kwa bidii ile ile ya mtu wa maabara. Akisema ndiyo, lipa ada bila kununa.