Maoni: Wavuvi wa ndoano, tuvunje kijino ili tilapia wadogo wapone

Kwenye kandokando ya ziwa Kivu, kutoka Goma hadi Bukavu, vijana wengi wanatafuta mboga ya nyumbani kwa mshipi na ndoano. Wanaovua tilapia, yule tunayemwita pia karpe, mara nyingi wanapata watoto wa samaki. Kila mtu anajua kwamba mtoto wa samaki anapaswa kurudishwa majini. Lakini anarudi akiwa katika hali gani?

Tazama ndoano yoyote ya sokoni. Karibu na ncha kuna kijino kinachotazama nyuma. Kazi yake ni kuzuia ndoano isichomoke. Kwa samaki mkubwa anayekwenda kwenye sufuria, hilo halina neno. Kwa samaki wa ukubwa wa kidole, kuichomoa ni kupasua mdomo. Mvuvi anamtupa majini na kusema amemwachilia, kumbe amemjeruhi vibaya na huenda asipone.

Dawa yake haihitaji mradi wala mfadhili. Chukua koleo, bana kijino mpaka kilale, basi. Ndoano ileile inaingia vizuri na kutoka bila kupasua.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu wanaovua karpe kwa kujifurahisha, wanampima, wanampiga picha, kisha wanamrudisha. Ni kweli, huko Uingereza maziwa mengi ya kuvulia karpe yanadai ndoano bila kijino. Lakini tuangalie Uswisi. Sheria yake ya kulinda wanyama inakataza kuvua samaki kwa nia ya kumrudisha tu. Anayevua avue kwa ajili ya kula. Na sheria hiyohiyo inakataza ndoano zenye kijino, isipokuwa pale panapotolewa ruhusa. Kwa hiyo ndoano hii si ya mchezo peke yake. Inamfaa pia mtu anayevua ili ale.

Sisi tuna sababu nyingine kubwa zaidi. Tilapia wa maziwa yetu analea kwa mdomo. Jike anakusanya mayai mdomoni, yanaanguliwa humo, na vifaranga wakiogopa wanakimbilia humohumo. Siku hizo zote hali karibu kitu. Akimaliza kulea ana njaa, na chambo chako kinamngoja. Mdomo huo ndio sahani yake, na ndio kitanda cha watoto wake. Ukimrudisha na mdomo uliochanika, unaharibu pia kizazi ambacho ungekivua kesho.

Kuna hoja ya kweli dhidi yangu: bila kijino samaki anaweza kuponyoka. Anaponyoka hasa mshipi ukilegea. Anayeshika mshipi mkononi na kuukaza mpaka mwisho atapoteza wachache. Lakini anayetega kamba ndefu yenye ndoano nyingi usiku kucha, kama wanavyofanya wavuvi wa kambale, hawezi kukaza kila mshipi. Huyo simwombi avunje vijino. Namwomba atumie ndoano kubwa, ili samaki wadogo wasiweze kuimeza.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tuwasumbue watu wa ndoano wakati wenye vyandarua wanafagia hata vifaranga. Wana haki. Chandarua kinaharibu zaidi, na serikali isifumbe macho. Ila kosa la jirani halihalalishi la kwangu. Wavu haumpi mvuvi nafasi ya kuchagua. Ndoano inampa, kwa sababu anamshika samaki mmoja mmoja mkononi, akiwa bado hai.

Tena, watoto wetu wanaocheza ufukweni wanachomwa na ndoano hizi vidoleni. Isiyo na kijino inachomoka kwa urahisi. Yenye kijino mara nyingi inampeleka mtoto kwenye kituo cha afya.

Vyama vya wavuvi vianze bila kungoja amri kutoka Kinshasa: vikubaliane kipimo cha samaki wa kurudishwa, na kila mwanachama abane vijino vya ndoano za mkono. Akina mama wauzaji wakatae mafungu ya tilapia wadogo. Na sisi wanunuzi tuache kuyatafuta kwa sababu ya bei nafuu. Samaki tunayemla leo kabla hajazaa hata mara moja, kesho tutamlipia ghali.