Machi Mosi Isisahauliwe

Kila mwaka Marekani huadhimisha ushindi wa majeshi yake, kama ule wa Normandy wa tarehe 6 Juni 1944. Hatuna kinyongo na siku hiyo, kwani ufashisti ulipata pigo kubwa. Lakini sisi watu wa visiwani tunayo tarehe nyingine ya kukumbuka.

Mwaka 1946 ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani aliwaomba wenyeji wa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, wahame kwa muda kwa manufaa ya binadamu wote. Kizazi chao kingali uhamishoni. Tarehe 1 Machi 1954 likalipuliwa hapo bomu la haidrojeni lenye nguvu kiasi cha mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Majivu ya sumu yaliwanyeshea watu wa Rongelap, watoto wakayachezea. Wakaondolewa baada ya siku mbili. Baadaye iliundwa mahakama ya fidia, lakini mfuko wake ukakauka kabla madai hayajalipwa yote.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Taifa linaloadhimisha ushindi lina wajibu wa kukumbuka na kufidia madhara yake. Nao viongozi wa visiwa, wanapoombwa ardhi kwa maneno matamu, wakumbuke Bikini.