"Kupanga Matokeo" ni Lugha ya Kuficha Wizi
Zoo ya Kericho ilipoingia Ligi Kuu mwaka 2017, vijana wa maeneo ya majani chai walipata timu yao ya kushangilia. Mwaka 2021, msimu ukiendelea, FIFA iliifukuza ligini kwa kosa ambalo aghalabu huitwa "kupanga matokeo". Msemo huo wanikera. Kupanga ni sifa: mwalimu hupanga somo, mkulima hupanga mistari ya michai. Afadhali mashabiki, ambao husema mechi "imeuzwa", ijapokuwa mchumaji wa Bomet naye huuza jasho lake wala haibi cha mtu. Aliyelipa kiingilio kutazama mechi ya namna hiyo ameibiwa. Enyi walimu, mwanafunzi akiandika "kupanga" katika insha yake, mwulizeni ni nani aliyeibiwa.