Popo wa Paani Hali Mtama

Ndugu wakulima wa Kishapu, kuanzia Mhunze hadi Maganzo, kabla hamjawasha moto wa kufukiza popo waliojibanza chini ya bati, naomba mnisikilize kidogo.

Msimu wa mtama, makundi mawili hupishana angani kwetu kila magharibi. Kwelea kwelea wanarudi kulala kwenye vichaka vya miiba, na popo wadogo wanachomoka kwenye nyufa za paa. Kwelea ana gramu 15 hadi 20. Popo huyu, ambaye wataalamu humwita Mops pumilus, ana kama gramu 10 tu, na huvumilia joto la bati linalopita nyuzi 40. Wote wawili hupenda kulala kwa msongamano. Ila ndege hulia mchana tukamzoea, popo hutoka usiku tukamwita wa wachawi.

Sasa tuwapime kwa wanachokula. Kwelea huanza na mbegu za nyasi porini. Zikiisha huhamia kwenye mtama na uwele, na hapo hata watoto wapige madebe mpaka mikono iume, shamba linakwisha. (Tumtendee haki: vifaranga wake hulishwa wadudu siku za mwanzo.) Popo wa paani hagusi nafaka kabisa. Hula mbawakavu, nondo na kunguni wa mimea. Huko Eswatini, watafiti waliowafunga popo hawa vifaa vidogo vya redio waliwakuta wakiwinda juu ya mashamba ya miwa. Sisi tunaolima pamba pia tunajua nondo anazaa nini: funza wa vitumba. Sisemi popo atamaliza funza, dawa bado mtapiga. Nasema huyu ni kibarua wa usiku asiyedai ujira, na tunamuua.

Tena hazai kama kwelea. Kwelea hutaga mayai kama matatu, huyaangua kwa siku 10 hadi 12, kisha hufuata mvua na kutaga tena kwingine. Ndiyo maana ndege ya serikali hunyunyiza sumu na bado kwelea anarudi. Popo hubeba mimba miezi miwili hivi, akapata mtoto mmoja.

Kwa hiyo, ukiona popo wamekuzidi nyumbani, usifukize. Subiri watoto wao wawe wanaruka, kisha ziba matundu usiku wakiwa wametoka wote. Kinyesi chao ni mbolea nzuri ya bustani, lakini kiloweshe maji na ufunge kitambaa puani kabla ya kufagia, na popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu, hasa na watoto.

Kwelea naye ana utaratibu wake. Ukiona wanapolala, mwambie afisa ugani siku hiyohiyo, kabla kundi halijakua. Na wale waliokufa kwa sumu wasiokotwe kwa kitoweo, hata njaa ikiwa kali.

Mkoa wetu wa Shinyanga ulianza kurudisha miti kwa HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi, mwaka 1986, na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa yapumzike, zikafufuka kwa sheria za wazee na mikutano ya vijiji. Kwenye mkutano ujao, pale mnapopanga nani akate kuni wapi, ongezeni neno moja: miti mizee yenye mapango ndani ya ngitili isiguswe, popo apate pa kulala mbali na bati lako.